Mtawanyiko mdogo hautoshi: jibu kuhusu kupolimisha stirini kwa udhibiti

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili ya kemia. Nimepolimisha stirini kwa benzoili peroksaidi kwenye nyuzi 80, na GPC imenipa mtawanyiko wa 2.4. Msimamizi wangu anataka polistirini yenye uzito wa 20,000 hivi, mtawanyiko chini ya 1.2, kisha niunganishe kipande cha pili cha 4-asetoksistirini ambacho baadaye nitakigeuza kiwe na makundi ya fenoli. Nimesoma njia ya anioni, ya TEMPO, ATRP na RAFT mpaka kichwa kinaniuma. Maabara yetu haina sanduku la glavu, mtungi wa naitrojeni tunao, na umeme hukatika. Nianze na ipi?"

Marahaba. Kwa wasomaji wengine: kupolimisha ni kuunganisha molekuli ndogo (monoma, hapa stirini) ziwe minyororo mirefu, mtawanyiko ni kipimo cha jinsi minyororo hiyo inavyotofautiana urefu (1 maana yake yote iko sawa), GPC ni mashine inayoupima pamoja na uzito, na zile njia nne alizozitaja ni za kuudhibiti urefu huo. Jibu fupi ni hili: tumia RAFT, ajenti ya aina ya trithiokaboneti (molekuli yenye salfa), stirini tupu bila kiyeyushi, nyuzi 110, na usiweke kianzishi chochote, yaani kemikali ya kuzalisha radikali. Mengine yote hapa chini ni ya kukuonyesha kwa nini. Nikuambie mapema pia kwamba ile 1.2 uliyopewa kama lengo isikukoseshe usingizi, inafikika. Kazi ipo katika kufika hapo huku minyororo yako mingi ikiwa bado na kichwa kinachoweza kuendelea kukua. Vichwa hivyo vikikosekana, kipande cha pili hakina pa kushika, na utajikuta na polima mbili zilizochanganyika ndani ya chupa moja huku ukidhani umetengeneza polima ya vipande viwili.

Tuangalie kwanza chupa yako ya sasa. Peroksaidi inavunjika kidogo kidogo, saa baada ya saa, na kila radikali inayotoka (kipande cha molekuli chenye elektroni isiyo na mwenzake) inaanzisha mnyororo wake. Kwenye nyuzi 60 kigezo cha kasi ya ukuaji wa stirini ni takriban lita 340 kwa moli kwa sekunde. Stirini tupu ina zaidi ya moli 8 katika lita moja, kwa hiyo radikali moja inadaka molekuli karibu 2,800 kila sekunde. Kwenye nyuzi 80 zako inakwenda kasi zaidi ya hapo. Haidumu lakini. Ndani ya sekunde moja mbili inakutana na radikali nyingine, vichwa viwili vinaungana, na habari yao imekwisha. Mnyororo uliozaliwa saa mbili asubuhi, stirini ikiwa imejaa, haukuwahi kukutana na ule uliozaliwa saa nane mchana, stirini ikiwa imepungua na mchanganyiko umekuwa mzito. Kila mmoja una urefu wa saa yake. Hiyo 2.4 ndiyo picha ya tofauti hizo, wala hujaharibu kitu. Peroksaidi ndivyo inavyofanya kazi.

Hapo kuna jambo ambalo vitabu vya utangulizi hulipita haraka. Stirini ina uvivu wa kukua, ila haina uvivu wa kufa. Butili akrileti kwenye joto hilo hilo inakua haraka kuliko stirini takriban mara 100. Radikali mbili za stirini, kwa upande wao, zikikutana zinauana kwa kasi ile ile ya mamilioni kwa mamilioni inayoonekana kwa monoma nyingine. Ili mnyororo wa stirini ufikie urefu fulani unahitaji ama muda mrefu zaidi, ama radikali nyingi zaidi kwa wakati mmoja, na yote mawili yanaongeza vifo. Kila uamuzi utakaofanya juu ya stirini, kuanzia joto mpaka kiasi cha kianzishi, unarudi kwenye hesabu hiyo.

Mtu aliyeonyesha kwamba vifo vinaweza kuondolewa kabisa ni Michael Szwarc, mwaka 1956, huko Syracuse katika jimbo la New York, akiwa na Moshe Levy na Ralph Milkovich. Waliyeyusha naftalini katika kiyeyushi kiitwacho tetrahidrofurani pamoja na sodiamu, ikatoka rangi ya kijani iliyokolea. Stirini ilipoingia, kijani kikageuka chekundu papo hapo, na stirini yote ikaliwa. Lililofuata ndilo lililobadilisha fani: stirini imekwisha, lakini wekundu haukuondoka. Wakaongeza stirini nyingine. Kipande cha chuma kilichofungiwa ndani ya kioo, ambacho mwanzoni kilikuwa kikizama upesi katika mchanganyiko ule, sasa kikawa kinashuka taratibu. Minyororo ile ile ya kwanza ilikuwa imerefuka. Walipoongeza isoprini mahali pa stirini, wakapata polima ya vipande. Siri yake ni chaji: kila kichwa kinachokua kina chaji hasi, na vichwa viwili vyenye chaji hasi havisogeleani vikauana.

Mpaka leo hakuna njia ya radikali inayoifikia hiyo kwa usafi. Hata vile viwango vya polistirini ulivyorekebishia GPC yako vimetengenezwa kwa njia ya anioni. Ila wewe usiiguse, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni maji. Ukitaka uzito wa 20,000 kutoka gramu 20 za stirini unahitaji takriban milimoli 1 ya butili-lithiamu, kianzishi cha anioni, na milimoli 1 ya maji ni miligramu 18. Tone moja la maji lina miligramu 50 hivi. Linatosha kuua majaribio mawili kamili na chenji ikabaki. Unyevu uliojishikiza kwenye kuta za kioo unatosha kukuvuruga, achilia mbali hewa ya mwezi wa nne. Ya pili ni monoma yako yenyewe. 4-asetoksistirini ina esta, na karbanioni ya stirini, yaani kile kichwa chenye chaji hasi, haitaiacha esta ile. Itaishambulia na kufa. Seiichi Nakahama na Akira Hirao kule Tokyo walitumia miaka mingi kufundisha dunia namna ya kuficha makundi ya aina hiyo, hasa kwa kuvika fenoli silili, kabla ya kuipeleka monoma kwenye anioni. Ni kazi nzuri sana. Inahitaji mstari wa ombwe, viyeyushi vilivyosafishwa mara kadhaa, na mkono uliozoea. Uzamili wako hauna muda huo.

Njia tatu zilizobaki ni za radikali, na zote zina hila moja. Vifo haviwezi kuzuiwa, kwa hiyo vinapunguzwa kwa kuilaza minyororo. Wakati wowote ule, minyororo karibu yote imelala ikiwa na kifuniko kichwani. Michache mno iko macho. Kifuniko kinatoka, mnyororo unaongeza molekuli chache za stirini, kifuniko kinarudi. Ni kama watoto wengi wa mtaa wanaogawana baiskeli moja: kila mmoja anazunguka mzunguko mfupi anampa mwenzake, na ikifika jioni wote wamekwenda karibu umbali ule ule. Zamu zikiwa fupi na nyingi, mtawanyiko unashuka. Zikiwa ndefu na chache, aliyetangulia kupanda anawaacha wenzake mbali.

Njia ya kwanza kati ya hizo, ile ya nitroksaidi, ilianzia Melbourne, Australia, ambako David Solomon, Ezio Rizzardo na mwenzao wa CSIRO (shirika la utafiti la serikali ya Australia) waliipatia hataza katikati ya miaka ya 1980. Haikusikika sana mpaka mwaka 1993, Michael Georges na wenzake wa Xerox huko Mississauga, Kanada, walipochanganya stirini, benzoili peroksaidi na TEMPO (nitroksaidi, ambayo ndiyo kifuniko chenyewe), wakapasha joto la nyuzi 120 na kitu, wakapata polistirini yenye mtawanyiko chini ya 1.3. Wakati ule wengi waliamini kwamba radikali haiwezi kushuka chini ya 1.5. Kinachonifurahisha katika njia ile ni kwamba inaokolewa na kasoro ya stirini. TEMPO ikizidi, kila kitu kinasimama, kwa sababu kila radikali inayoamka inafunikwa mara moja. Stirini, ikiwa kwenye joto hilo, inajianzishia radikali yenyewe: molekuli mbili zinaungana kwa mtindo wa Diels na Alder, kisha ya tatu inanyofoa hidrojeni, na radikali mbili zinatoka. Radikali hizo zinameza ile TEMPO iliyozidi, na kazi inaendelea. Ndiyo maana TEMPO inapatana na stirini na inagoma kwa akrileti. Ubaya wake kwako ni muda na joto, maana ni kupika kwa saa nyingi kwa nyuzi zaidi ya 120, na mtawanyiko unaoupata mara nyingi unaning'inia kati ya 1.2 na 1.3.

ATRP, ambayo kifuniko chake ni klorini au bromini inayotolewa na kurudishwa na metali kama shaba, nitaipita haraka. Krzysztof Matyjaszewski na Jin-Shan Wang waliionyesha Pittsburgh mwaka 1995, kwa stirini hiyo hiyo, wakitumia kloridi ya shaba na bipiridini kwa nyuzi 130. Mitsuo Sawamoto na wenzake wa Kyoto walitoa mwaka huo huo toleo la ruteniamu kwa methakrileti. Ni njia hodari na matoleo yake ya karibuni yanatumia shaba kidogo sana. Kwa kazi yako ina mambo mawili nisiyoyapenda. Shaba inabaki kwenye polima na kuisafisha kunakula alumina na uvumilivu. Tena kichwa cha polistirini chenye bromini hupoteza asidi ya hidrobromi polepole kwenye joto. Kikishapoteza kimekufa, na GPC haitakuambia.

Sasa RAFT. Nayo ilitoka CSIRO Melbourne, mwaka 1998, ikihusishwa hasa na Graeme Moad, Ezio Rizzardo na San Thang. Hapa hakuna metali wala nitroksaidi. Kuna molekuli yenye salfa ambayo radikali inayokua inaishambulia, inajishikiza kwenye salfa, na kumwachilia aliyekuwa ameshikwa pale. Kifuniko kinahama kutoka mnyororo hadi mnyororo. RAFT yenyewe haiongezi wala haipunguzi radikali. Kila radikali bado inatoka kwenye kianzishi au kwenye joto, na bado inakufa kama kawaida. Ukilielewa hilo unapata kanuni ya mkononi ambayo ningependa ikae kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako.

Idadi ya minyororo iliyokufa ni takriban ile ambayo ingezaliwa kama usingeweka ajenti kabisa. Idadi ya iliyo hai ni ile ya ajenti uliyoweka. Kwa hiyo uwiano wa wafu kwa walio hai ni takriban uzito unaoulenga ugawanywe kwa uzito ambao ungepata bila ajenti. Tuseme chupa isiyo na ajenti, kwenye joto hilo hilo, inakupa polistirini ya 200,000. Ukilenga 20,000, kwa kila minyororo 10 iliyo hai unao mmoja mfu. Ukilenga 100,000, kwa kila minyororo miwili iliyo hai unao mmoja mfu, na kipande cha pili umekipoteza. Mtawanyiko unaweza kusomeka vizuri bado katika hali zote mbili. Ndiyo sababu nasema msimamizi wako akuombe hesabu ya vichwa, hiyo 1.2 itakuja yenyewe.

Kanuni hiyo ndiyo inayonifanya nikushauri usiweke AIBN, kianzishi cha kawaida cha radikali, kwenye hatua ya kwanza. Kadiri kianzishi kinavyozidi ndivyo uzito wa "bila ajenti" unavyoshuka, na wafu wanaongezeka. Joto peke yake linaanzisha radikali chache kwa kasi ya upole: kwenye nyuzi 60 stirini inajigeuza kwa kama asilimia 0.1 tu kwa saa, kwenye nyuzi 100 kama asilimia 2, na kwenye 110 inazidi hapo. Tena kupanda kwa joto kunaamsha ukuaji wa stirini. Kile kigezo cha 340 kinakuwa zaidi ya 1,500 kwenye nyuzi 110.

Vipimo vyenyewe. Stirini ya dukani ina kizuizi, 4-tert-butilikatekoli, kwa kawaida sehemu 10 hadi 15 katika milioni. Ipitishe kwenye safu fupi ya alumina ya besi na uitumie siku hiyo hiyo. Kizuizi hicho kinahitaji oksijeni kidogo ndipo kifanye kazi, kwa hiyo chupa kubwa ya akiba usiipulizie naitrojeni ukidhani unaitunza. Iache na hewa yake, kwenye friji. Pima gramu 20.8 za stirini iliyosafishwa, yaani milimoli 200. Ajenti nzuri ya kuanzia ni trithiokaboneti inayoitwa kwa kifupi DDMAT, unga wa manjano wenye uzito wa molekuli 364.6, pima miligramu 182, yaani milimoli 0.5. Hapo una molekuli 400 za stirini kwa kila moja ya ajenti. Ukisimama nusu ya stirini ikiwa imetumika, mnyororo wa wastani una stirini 200, ambazo ni 20,830, ongeza 365 za ajenti, unapata karibu 21,200.

Kwa nini nusu na si yote? Kwa sababu mwisho wa safari ndipo wafu wanapozidi: stirini imepungua, ukuaji umezidi kuwa mvivu, radikali zinaendelea kutengenezwa. Wanafunzi wengi wanaona stirini iliyobaki wanaihurumia. Stirini ni rahisi, vichwa ndivyo ghali.

Mimina kwenye chupa nene ya Schlenk yenye kipande cha sumaku, ziba kwa kizibo cha mpira, weka kwenye barafu, upulizie naitrojeni kwa sindano ndefu iliyozama mpaka chini kwa nusu saa, sindano fupi ikitoa hewa. Barafu ni ya kuzuia stirini isiondoke na naitrojeni na kuharibu hesabu yako. Kisha funga na utumbukize kwenye beseni la mafuta la nyuzi 110, ndani ya kabati la kufyonza mvuke, kioo cha kinga kikiwa mbele. Anza kuchukua sampuli saa ya sita. Nusu ya stirini kwa kawaida inakuwa imetumika kati ya saa 10 na 20. Chupa yako na beseni lako ndivyo vitakavyokupa saa kamili.

Kuhusu umeme, hapa una bahati. Ukikatika usiku, mchanganyiko unapoa, radikali chache zilizokuwa macho zinakufa, na minyororo mingine yote inaendelea kulala na vifuniko vyake. Ukirudi, pasha tena, inaendelea ilipoishia. Usihesabu muda wa saa ya ukutani, hesabu kiasi cha stirini kilichotumika, maana uzito unafuata hicho. Sharti ni kwamba hewa isiingie. Chupa inapopoa inavuta, na kizibo kilichotobolewa mara nyingi hakizuii kitu. Badilisha kizibo kabla ya kulala.

Usikuze kipimo hiki bila kumuuliza mtu. Kila moli ya stirini inayopolimika inatoa kilojuli 70 hivi, na kama joto hilo lote lingebaki ndani bila kutoka, halijoto ingepanda kwa zaidi ya nyuzi 300. Kwa gramu 20 zinazogeuka kwa saa nyingi hutahisi kitu. Kwa tangi ni habari nyingine: usiku wa kuamkia tarehe 7 Mei 2020 kule Visakhapatnam, India, stirini iliyokuwa imekaa ghalani ilijipasha yenyewe, mvuke ukatoka, na watu zaidi ya 10 walikufa.

Sambamba na chupa yako, pika nyingine ndogo isiyo na ajenti. Watu hawaifanyi kwa sababu inaonekana ni kupoteza stirini. Hiyo ndiyo itakayokupa ule uzito wa "bila ajenti", kwa beseni lako na stirini yako, badala ya 200,000 yangu ya mfano. Ichukulie sampuli mapema, kabla haijawa nzito mno kutoka kwenye sindano.

Kupima stirini iliyotumika, NMR (mashine ya sumaku inayotofautisha hidrojeni za molekuli) ni nzuri: vilele vya vinili kwenye 5.2 na 5.7 unavilinganisha na eneo la pete ya benzini. Kama NMR iko mkoa mwingine, pima sampuli kwa mizani, iyeyushe kwa tetrahidrofurani kidogo, idondoshee kwenye methanoli, chuja unga, kausha, pima tena. Utapata asilimia yenye kosa dogo, inatosha. Weka uzito wa GPC dhidi ya asilimia hiyo. Mstari ulionyooka na unaopita karibu na ulichokokotoa maana yake ajenti yote imefanya kazi. Mstari ukiwa juu ya hesabu, sehemu ya ajenti haikushiriki au imeharibika.

Halafu hesabu vichwa. Trithiokaboneti inafyonza mwanga karibu na nanomita 310, mahali ambapo polistirini yenyewe ni kimya. Pete zake zinafyonza chini zaidi, karibu na 260. Kama GPC yako ina kitambuzi cha UV, kiweke 310 na ulinganishe umbo lake na lile la kitambuzi cha kawaida. Mahali panapoonekana na cha kawaida lakini 310 pametulia, hapo kuna wafu, na mara nyingi utawakuta upande wa uzito mkubwa, mara mbili ya wenzao, kwa kuwa radikali za stirini zikifa huungana zaidi. Huna kitambuzi hicho? Tumia spektrofotometa ya kawaida. Tengeneza kwanza mstari wa urekebishaji kwa DDMAT yenyewe. Kisha yeyusha miligramu 21.2 za polima iliyosafishwa katika mililita 10 za tetrahidrofurani. Kama kila mnyororo una kichwa, hapo una milimoli 0.1 kwa lita. Ukisoma sawa na 0.09, songa mbele. Ukisoma 0.06, usipoteze asetoksistirini yako. Kichwa kilicho kwenye polima hakifyonzi sawasawa kabisa na ajenti tupu, lakini kwa uamuzi huu tofauti hiyo haikusumbui. Hata jicho linasaidia: unga wako unapaswa kuwa na manjano hafifu. Ukiwa mweupe pe, jiulize salfa imekwenda wapi.

Tuje kwenye asetoksistirini. Sababu ya watu kuificha fenoli ni kwamba 4-vinilifenoli tupu haikai, inajipolimisha na kuharibika kabla hujaitumia. Asetili inaituliza, na radikali haina ugomvi na esta. Polima unayoitafuta, polihidroksistirini, ina historia kubwa: mwanzoni mwa miaka ya 1980 Hiroshi Ito, Grant Willson na Jean Fréchet, katika maabara ya IBM San Jose, walitengeneza utando wa kuchorea chipu za kompyuta kwa fenoli hii ikiwa imefichwa na tert-butoksikabonili. Mwanga unazaa asidi, asidi inaondoa kificho, na sehemu iliyopigwa mwanga inayeyuka kwenye maji ya alkali. Teknolojia ya mwanga wa nanomita 248 ilisimama juu ya familia hiyo ya polima.

Si kila ndugu wa stirini ana tabia njema hivyo, na kwa kuwa najua utaanza kuwajaribu wengine, chukua mawili. Alfa-methilistirini usiihangaikie kwa radikali. Halijoto yake ya ukomo ni nyuzi 61 hivi, juu ya hapo mnyororo wake mrefu unapendelea kurudi kuwa monoma, ndiyo maana wanaoitaka huipolimisha kwa anioni kwenye nyuzi 78 chini ya sifuri. Na 4-klorometilistirini usiipeleke ATRP, kwa sababu klorini yake yenyewe itageuka kianzishi na utapata matawi. RAFT inaichukua bila matata.

Kwa kipande cha pili: gramu 4.2 za polistirini yako, ambazo ni milimoli 0.2 hivi za minyororo, gramu 4 za asetoksistirini iliyopitishwa kwenye alumina, mililita 5 za dioksani, na miligramu 3.3 za AIBN, yaani sehemu 1 kwa 10 ya vichwa. Naitrojeni kama mwanzo, nyuzi 70. Hapa nakubali kianzishi kwa sababu kipimo ni kidogo na kinajulikana: hata AIBN yote ikivunjika, minyororo mipya iliyokufa haitazidi sana 6 kwa kila 100. Nayo ikiisha, upolimishaji unakufa njaa wenyewe kabla monoma haijaisha. Usiongeze nyingine ili kusukuma. Dondoshea kwenye methanoli, kausha, peleka GPC. Unachokitafuta ni mkunjo mzima kuhamia upande wa uzito mkubwa, bila kuacha mkia mahali polistirini ya kwanza ilipokuwa. Mkia ukibaki, hao ndio wafu wa hatua ya kwanza. Namba ya uzito utakayoisoma ichukue kwa tahadhari, viwango vyako ni vya polistirini na polima hii si polistirini tupu. Uwiano wa vipande utoe kwenye NMR.

Kuondoa asetili: yeyusha polima kwenye tetrahidrofurani, ongeza methanoli na methoksidi ya sodiamu kidogo, koroga kwenye joto la chumba. Vitabu vingi vinataja hidrazini, nayo inafanya kazi, ila ni sumu na inashukiwa kuleta saratani, sioni haja. Fuata kwa FTIR, kipimo cha mwanga wa infraredi: kilele cha esta karibu na 1760 kinafutika, na mkunjo mpana wa hidroksili unatokea kati ya 3200 na 3500. Kabla ya hatua hii ujue kwamba besi ile ile itakata trithiokaboneti pia. Manjano itapotea, na mwisho wa mnyororo utabaki na thioli, ambayo hewani inajiunga na mwenzake kuwa daisalfaidi. Ukitaka kulikwepa hilo, ng'oa salfa mapema kwa kupasha polima na AIBN nyingi pamoja na lauroili peroksaidi. Kama hukuing'oa, na baada ya kuondoa asetili ukaona kwenye GPC bega jipya kwenye uzito mara mbili kamili, usikimbilie kusema kipande cha pili kimeharibika. Chukua sampuli, weka tributilifosfini kidogo chini ya naitrojeni na chembe ya maji, acha saa moja mbili, pima tena. Bega likiondoka, ilikuwa ni daisalfaidi tu.